Maswali ya Sinema: Chui wa kwenye bango

Toleo lililopita niligusia, kwa mistari mitatu tu, wale watayarishaji wa zamani wa Marekani waliokuwa wakizunguka mijini na mikanda yao kwenye buti la gari, wakionyesha picha ambazo studio kubwa za Hollywood zilikataa kuzigusa. Nikadhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza mzinga. Barua zimefika hadi kutoka Goma na Muscat, kwa hiyo ninyi wa picha za Kihindi na wa karate mnisamehe, zamu yenu mwezi ujao.

*Shikamoo mzee. Mhadhiri wetu anaziita picha hizo "sinema za unyonyaji". Nani alikuwa akinyonywa? Na zilianza lini hasa?*
— Mwanafunzi, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Neno hilo lina matata kwa masikio ya kwetu. Mtu wa umri wangu ukimtajia unyonyaji anawaona kupe na mirija, maana ndivyo tulivyoimbishwa shuleni. Wafanyabiashara wa Marekani walikuwa na maana yao. Kwao eksploitesheni ilikuwa kazi ya kuinadi picha: mabango, magari ya vipaza sauti, mtu aliyevalishwa ngozi ya nyani akasimamishwa mlangoni. Picha yenye steringi maarufu inajiuza kwa jina lake. Isiyo na jina lolote ndiyo inayotaka kupigiwa debe, na debe linalosikika mbali kuliko yote ni lile linalosema humu ndani kuna kitu mlichokatazwa.

Nalijua debe hilo. Mwaka 1974 nilikuwa msaidizi wa mchora mabango hapa Tanga, kazi yangu kukoroga rangi za mafuta na kupaka usuli. Siku moja mwenye jumba fulani akaleta picha ya porini, kavu kama makumbi, watu wanatembea na kuongea, wanatembea na kuongea. Akaagiza achorwe chui anayemrarua mwanamke gauni. Fundi wangu akauliza, "Chui yumo?" Akajibiwa, "Wewe chora." Madoa ya chui yule niliyapiga mimi, moja moja, kwa kidole gumba. Jumamosi usiku picha ikaisha hajapita hata paka, na ukumbi mzima ukasimama unaimba, "Chui! Chui! Chui!" Mimi nilitokea mlango wa chooni. Sasa sikiliza ajabu yake: ukumbi ulijaa wiki nzima. Wale waliodanganywa Jumamosi hawakutaka kuwa wajinga peke yao, wakaenda mtaani kuisifia picha.

Turudi kwenye swali lako. Wengi huanza kuhesabu kuanzia 1913. Novemba mwaka huo ilionyeshwa New York picha iitwayo Traffic in Souls, ya George Loane Tucker, kuhusu wasichana wanaonaswa na kupelekwa madanguroni, wengine wakiwa ndio kwanza wameshuka melini. Watu walifurika. Mwezi uliofuata ikaja nyingine ya jambo hilohilo, The Inside of the White Slave Traffic, na polisi wakaingia ukumbini kuisimamisha. Mwaka 1914 ikafuata Damaged Goods, ya kaswende. Zote zilijitangaza kuwa ni mafunzo kwa jamii. Kisha 1915 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba sinema ni biashara tu, haimo katika uhuru wa kusema, na uamuzi huo ulisimama mpaka 1952. Kila jimbo na kila mji ukawa na ruhusa ya kuweka watu wake wa kukata mikanda.

Wenye studio kubwa, kwa kuogopa kukatwa, wakaanza kujikata wenyewe. Mwaka 1927 waliandika orodha ya vitu visivyofaa kuonyeshwa: dawa za kulevya, biashara ya wanawake, magonjwa ya zinaa, mtu kujifungua, uchi. Mwaka 1934 kanuni zao zikapata meno. Picha ilitakiwa kuwa na muhuri, na jumba la kundi lao likionyesha isiyo na muhuri faini ni dola 25,000. Hebu isome orodha ile kwa jicho la mchuuzi. Ni ubao wa vyakula umetundikwa mgahawani, halafu mpishi mkuu anatangaza kwamba hatapika hata kimoja.

Wakatokea wapishi wa uani. Louis Sonney, Dwain Esper, Samuel Cummins, Willis Kent, J. D. Kendis, baadaye Kroger Babb. Wenyewe kwa mzaha walijiita Wezi Arobaini, kama wale wa Alibaba. Walikodi jumba la mtu kwa siku chache, wakaja na mabango yao na wauza tiketi wao, wakakusanya, wakaondoka kabla malalamiko hayajafika kituoni. Mkanda ulianza na maandishi marefu ya kuusikitikia uovu utakaoonyeshwa na kuwasihi wazazi waamke. Wengine walibeba nakala mbili za picha moja, ya moto na ya baridi, na mji wenye mkuu wa polisi mkali ulipewa ya baridi.

Kuhusu nani alinyonywa, soma barua inayofuata kisha uniambie wewe.

*Mzee, jambo. Kwa Kinyarwanda ingagi ni gorila. Nimekuta kwenye orodha ya picha za kale jina hilo, Ingagi, ya 1930, wanasema ilipigwa Kongo. Upande gani? Wazee wa kwetu karibu na Virunga hawajawahi kusimulia wazungu wa sinema wa miaka ile.*
— Msomaji, Goma

Wazee wako wamenyamaza kwa sababu hawakuwa na cha kusimulia. Jina la picha ile ndilo neno la kweli pekee ndani yake, na ni la huko kwenu.

Kampuni iliitwa Congo Pictures, kiongozi wake Nat Spitzer, mwongozaji William Campbell. Walitangaza kuwa hiyo ni kumbukumbu halisi ya safari ya Sir Hubert Winstead, msomi wa London, aliyepenya Kongo akakuta watu wanaomtolea gorila mwanamke. Sir Hubert huyo hakuwahi kuzaliwa. Picha nyingi za wanyama zilichukuliwa kwenye mkanda wa zamani wa Grace Mackenzie, bibi aliyekuja kuwinda Kenya mwaka 1914 na 1915 akiwa na mpiga picha wake, na baadaye mwanawe akaishtaki kampuni. Kwa hiyo mtu aliyelipa kiingilio kuona Kongo ya 1930 alionyeshwa Kenya ya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Yasiyotoka Kenya yalitoka Los Angeles. Wale walioitwa mbilikimo walikuwa watoto wa Wamarekani Weusi, wa miaka mitano hadi kumi. Simba anayemrukia mpiga picha alikuwa simba wa kufundishwa, wa bustani ya wanyama. Kulikuwa pia na mnyama mpya wa sumu ambaye sayansi eti ilikuwa haijamjua, wakamwita tortadillo. Uchunguzi ulionyesha kuwa ni kobe. Kobe wa kawaida, mwenye mabawa, mkia na magamba ya kubandikwa. Mimi niliyechora chui kwa kidole gumba namvulia kofia aliyeshika ile gundi, lakini kofia tu.

Na gorila mwenyewe? Charles Gemora, Mfilipino mfupi wa umbo aliyekuwa fundi wa kuchonga na kushona, mwenye vazi lake la gorila alilolitengeneza kwa mikono yake. Mambo yalipochacha alikula kiapo kwa maandishi kwamba ndani ya yale manyoya alikuwemo yeye.

Ofisi ya Will Hays, iliyosimamia maadili ya studio kubwa, iliikataa picha hiyo. Lakini kumbi za RKO, ambayo nayo ilikuwa kampuni kubwa ya kundi hilohilo, zilikuwa zimeshaionyesha na kuvuna. Tume ya serikali inayosimamia haki katika biashara ilitoa amri mwaka 1933 kwamba waache kuitangaza kuwa ni ya kweli. Miaka mitatu baadaye! Hela ilishaliwa na sahani zimeshaoshwa.

Hapa ndipo ninapoachana na wanaocheka tu. Chui wangu aliwala watu shilingi mbili. Picha hii ilikula jina la watu ambao hata hawakuambiwa kwamba wanapigwa picha. Mamilioni ya Wamarekani hawakuwa na njia nyingine ya kuijua Kongo, wakaondoka ukumbini wakiamini mambo ambayo hata kuyaandika hapa naona haya. Na mwaka ule milima yenu ya Virunga ilikuwa tayari ni hifadhi, tangu 1925, kwa ajili ya gorila haohao. Mtu angeweza kupanda akawaona. Angekuta mnyama anakula majani.

Nikuongeze moja, maana ni tamu. Mwaka 1940 ilitengenezwa picha ya kutisha kwa ajili ya kumbi za Wamarekani Weusi, waigizaji wote Weusi, mwandishi wake Spencer Williams, ikaitwa Son of Ingagi. Ndani yake kuna daktari mwanamke, bwana na bibi harusi, nyumba na urithi. Jina lililotumika kuwatukana likawa jina la picha iliyojaa nyuso zao.

*Assalaam alaykum mzee. Katika hao Wezi Arobaini, hakukuwa na mwanamke?*
— Mama wa watatu, Muscat

Waalaykum salaam, mama. Alikuwepo Hildegarde Stadie, mke wa Dwain Esper, na kama kuna mtu katika biashara hii ningependa kukaa naye barazani kwa kahawa ni yeye. Utotoni alizunguka na mjomba wake aliyekuwa akiuza dawa za chupa kwenye minada, zile za kutibu kila kitu kuanzia mafua hadi uchungu wa mapenzi. Mjomba alikuwa mtumwa wa kasumba. Hildegarde alipokua akayaandika maisha yale yakawa Narcotic, picha ya 1933, mumewe akiongoza. Ndiye aliyeandika pia Maniac, ya 1934, na Marihuana, ya 1936. Mume alikuwa mkandarasi wa ujenzi aliyeangukia vyombo vya kupigia picha kwa bahati ya madeni ya watu wengine. Kalamu ilikuwa ya mke.

*Mzee, mimi ni muuguzi. Nimesoma kwamba kulikuwa na picha ya Marekani iliyoonyesha mtoto akizaliwa, na wauguzi walisimama ukumbini kuwashika waliozimia. Ni kweli au ni chumvi?*
— Sista, Mombasa

Ni kweli, Sista, na chumvi imo pia. Picha ni Mom and Dad, ya 1945. Mwongozaji William Beaudine, mtayarishaji Kroger Babb wa Wilmington, Ohio. Hadithi yenyewe ni nyepesi. Msichana anakutana na rubani kwenye dansi, rubani anakufa kwenye ajali ya ndege, msichana ana mimba na mama yake hakumwambia neno hata moja kuhusu mwili wake. Kuna mwalimu aliyejaribu kufundisha mambo hayo akafukuzwa kazi. Halafu, ndani ya hadithi, zinaingizwa picha za hospitali: mtoto anazaliwa kwa njia ya kawaida, mwingine kwa upasuaji, na baada ya hapo magonjwa ya zinaa, karibu kabisa.

Sasa angalia mnada wake. Wiki kadhaa kabla, mtu wa Babb anaingia mjini peke yake. Anabandika mabango, anatembelea magazeti, na barua zinaanza kutokea kwenye safu ya wasomaji, moja ya kulaani picha, moja ya kuitetea, na zote mbili huenda zimetoka kwenye kalamu moja. (Mhariri wangu, usinikodolee macho. Barua za kwangu ni za kweli.) Wachungaji wanahubiri, mji unagawanyika, na hakuna aliyeiona. Siku ikifika, wanawake saa 8 mchana na saa 1 usiku, wanaume saa 3 usiku. Kuchanganyika marufuku. Unaona akili hiyo? Mume na mke wamelipa mara mbili, kila mmoja amekaa nyumbani akijiuliza mwenzake anaona nini.

Katikati taa zinawashwa. Anapanda jukwaani Bwana Elliot Forbes, mhadhiri maarufu wa afya. Anasema dakika chache, kisha anatangaza vitabu viwili, kimoja cha baba na mwana, kimoja cha mama na binti, vilivyoandikwa na Mildred Horn, ambaye baadaye akawa mke wa Babb. Dola moja kila kimoja. Wanawake waliovaa sare za uuguzi wanapita kwenye viti wakiuza. Hao ndio wauguzi wako, Sista. Ndiyo, waliwapepea waliozimia, maana wapo waliozimia kweli, lakini mkono wa pili ulikuwa na vitabu. Kama wote walikuwa na cheti, hilo waulize wenyewe.

Elliot Forbes hakuwa mtu. Lilikuwa jina la kazi, na usiku mmoja Marekani ilikuwa na kina Elliot Forbes wengi, kila mmoja na mji wake, suti yake na hotuba ileile. Kwenye kumbi za Weusi alipanda Jesse Owens, mkimbiaji wa medali nne za Berlin 1936. Yeye alitumia jina lake mwenyewe, kwani lingefichwa wapi?

Nitasema jambo litakalowaudhi wengine. Nimeyacheka yote hayo, lakini mwisho nasita. Msichana wa mji mdogo wa Ohio mwaka 1945 hakuwa na mahali pengine pa kuona mtoto anavyozaliwa. Somo lilikuwa ni kisingizio, na hata hivyo lilikuwa somo. Jimbo la New York liliizuia mpaka 1956, mahakama ilipoona kwamba kuzaliwa kwa binadamu si uchafu. Na mwaka 2005 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka picha hiyo kwenye orodha ya zile zinazohifadhiwa kama mali ya taifa. Wewe unayepokea watoto kila siku utajua zaidi yangu uzito wa hilo.

*Mzee wangu, mjukuu kanionyesha kwenye simu eti walianika maiti ya mtu kwenye ukumbi wa sinema. Nimemwambia ni changa la macho.*
— Babu wa Arusha

Mwombe radhi mjukuu. Alikuwa maiti kweli, na safari yake ni ndefu kuliko ya mahujaji wengi.

Elmer McCurdy alikuwa jambazi asiye na bahati. Mwaka 1911, huko Oklahoma, alitaka kuliteka treni lililobeba maelfu ya dola za malipo ya Wahindi Wekundu wa Osage. Akalikosea, akasimamisha la abiria, akapata dola 46 na pombe. Oktoba mwaka huohuo askari wakamfumania wakamuua. Mtengeneza maiti wa mji wa Pawhuska akampaka dawa yenye aseniki ili asioze, na kwa kuwa hakuna ndugu aliyekuja kulipa gharama, akamsimamisha kwenye kona na kuwatoza watu senti kumwangalia. Sarafu ziliingizwa mdomoni mwa marehemu. Mwaka 1916 wakaja wawili wakilia, wakisema ni kaka yao wanakwenda kumzika. Walikuwa watu wa maonyesho ya kuzungukazunguka.

Mwaka 1922 akamwangukia Louis Sonney. Huyu Sonney, Mwitaliano wa kuzaliwa, alikuwa polisi wa mji mdogo wa Centralia, jimbo la Washington. Mwaka 1921 alimkamata Roy Gardner, mwizi maarufu wa treni, aliyekuwa amejifunga bandeji usoni ili asitambulike. Zawadi ilikuwa dola 5,000. Akatengeneza picha kuhusu tukio hilo, akazunguka nayo, akaona kwamba kumsimulia mwizi kunalipa kuliko kumkamata, na upolisi ukaishia hapo. Akafungua makumbusho ya majambazi ya sanamu za nta. Kati ya wale wa nta, mmoja tu hakuwa wa nta.

Mwaka 1933 Esper alikuwa anazunguka na ile Narcotic, na Elmer akasimamishwa kwenye ukumbi wa kuingilia: tazameni mla unga aliyekufa! Mtu ambaye kosa lake lilikuwa pombe na kulikosea treni akageuzwa mtumwa wa dawa za kulevya, na kwa kuwa ngozi ilikuwa imeshakauka na kusinyaa, wakadai ndiyo kazi ya unga. Hapo nakubali kwamba kuna mabango ambayo hata mwenye jumba wangu asingethubutu kuyaagiza.

Baadaye alilala stoo, akauzwa pamoja na masanamu, na njiani watu wakasahau kabisa kwamba aliwahi kuwa mtu. Desemba 1976 wapiga picha wa tamthilia ya televisheni walikuwa wanapanga vyombo kwenye kibanda cha mazimwi cha uwanja wa burudani wa Long Beach, California. Mmoja akamshika mkono mwanasesere aliyening'inia, amepakwa rangi ya kung'aa gizani. Mkono ukabaki mkononi mwake. Ndani, mfupa. Alipofikishwa kwa daktari wa maiti, mdomoni mwake walikuta sarafu ya senti ya 1924 na vipande vya tiketi, kimojawapo cha makumbusho ya Sonney. Tiketi ndizo zilizomtambulisha. Alizikwa Guthrie, Oklahoma, Aprili 1977, na juu ya jeneza wakamwaga zege, asije akatokea mtu mwingine mwenye picha ya kunadi.

*Ile Reefer Madness ilikuwa ya nani?* — M., Dodoma

Aliiongoza Mfaransa Louis Gasnier mwaka 1936, kwa jina Tell Your Children, kuwatisha wazazi kuhusu bangi. Esper akaipata akaizungusha kwa majina tofauti. Mwaka 1972 Keith Stroup, aliyekuwa akipigania bangi ihalalishwe, alinunua nakala kwa dola 297 akaipeleka vyuoni. Wanafunzi walicheka mpaka machozi, na viingilio vikaenda kwenye kampeni yake. Haina tena hatimiliki, utaipata bure mtandaoni. Usiikose sehemu ya piano, kijana anavyompigia kelele dada apige haraka, haraka zaidi.